Kitenge Kilichorudishwa

Simi wangu,

Nakuandikia nikiwa huku chini kwenye chumba cha kufulia, kwa sababu katika jengo letu lote hakuna mahali pengine ambapo mama anaweza kukaa mchana kutwa bila mtu kumuuliza anafanya nini. Kufuli letu nililitundika kwenye ubao wa zamu wiki iliyopita ili zamu ya leo iwe yetu. Mashine zinazunguka na nguo zako. Huko juu baba yako amepandisha sanduku lako kwenye mizani ya bafuni, anatoa viatu, anapima, anavirudisha viatu, anatoa vitabu. Kesho asubuhi unaondoka.

Mambo ya koti zito, dawa ya kikohozi na kupiga simu kila Jumapili nimemwachia yeye, na unamjua, hatasahau hata moja. Mimi nina jambo langu moja. Ni ile ahadi uliyonipa kwenye treni mwezi wa Desemba, tulipokuwa tunatoka kwenye usaili wako kule Uingereza, kwamba hutamsimulia mtu tena habari ya kitenge. Nataka nikufungue kutoka kwenye ahadi hiyo kabla hujapanda ndege. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini najua ungenijibu "Mamma, det är lugnt," yaani mambo yametulia, ukanibusu kwenye paji la uso, tukaendelea kukunja soksi. Hapana, mwanangu, mambo hayajatulia. Ndiyo maana naandika.

Jumapili iliyopita kule Hallunda mchungaji alikuita mbele, kanisa zima likanyoosha mikono kukuombea, wamama wakalia kama kawaida yao, na mimi nikalia kuwazidi. Baadaye tukakaa kula. Yule kijana Mkenya anayesomea uhandisi akakuinamia akasema, "Simi, si utuambie siri yako. Chuo chenyewe ni cha watoto wa mawaziri. Uliwaambia nini hao maprofesa mpaka wakakuchukua?" Alikuuliza kwa mapenzi tu, na mezani kila mtu alitaka kusikia. Ukanitupia jicho mimi. Halafu ukaangalia wali wako, ukasema, "Nilibahatika tu."

Nikaweka kijiko chini. Maneno yale nilijua umeyatoa wapi, na nitakueleza nikifika hapo. Kwanza turudi kwenye kitenge chenyewe. Siku ile ulikuwa na miaka kumi na miwili, na ulikuwa kazini, unanitafsiria. Mtu anayetafsiri anashughulika na maneno, hana nafasi ya kuona mengine.

Ulikuwa unamaliza darasa la sita hapa Husby, mtaa wetu huu wa Sweden. Mwalimu wako, yule wa miwani yenye kamba, alituita akazungumza muda mrefu, huku ananitazama mimi na kupandisha mikono juu. Nikakuuliza anasema nini. Ukasema, "Anasema niko sawa." Nikajua kuna kitu umekificha, maana mtu hawezi kuongea kiasi kile ili kusema mtoto yuko sawa. Nikamwomba arudie polepole, nikaokota mwenyewe maneno machache: unamaliza kazi kabla ya wenzako, unakaa unatazama dirisha, unahitaji shule itakayokuchosha.

Wakati huo nilikuwa namhudumia bibi mmoja mjini, namwogesha asubuhi na kumpikia uji. Ukutani alikuwa na picha ya wajukuu zake, na nyuma yao jengo la matofali lenye saa juu, ndiyo shule yao. Alinisifia shule ile mpaka nikaiota. Nikaamua mwanangu atasoma pale. Sikumuuliza mtu namna ya kufanya kwa sababu nilidhani najua. Kwetu Bukavu nafasi ya shule ina mwenyewe, naye ni mkuu wa shule. Unavaa vizuri, unakwenda kumwona, unamweleza shida yako, na huendi mikono mitupu. Huko si kumnunua mtu, ni adabu. Hata jirani humgongei mlango kwa jambo zito ukiwa huna kitu mkononi.

Na mimi kitu cha maana nilikuwa nacho kimoja tu. Ni kitenge alichonipa bibi yako nilipoolewa, pande zima la wax halisi, bluu iliyoiva, na ndege wa manjano. Tulipokimbia Bukavu, na baadaye kambini, vitenge vyangu vingine viliuzwa kimoja kimoja tukala. Hicho nilikifunga kiunoni chini ya nguo. Nilikuwa nakiwekea siku itakayostahili, nikaona siku yenyewe ndiyo hii. Nikakaanga na sambusa, nikakupa wewe uzibebe.

Mkuu wa shule alikuwa mtu mrefu, amevaa sweta. Alituletea kahawa kwa mikono yake mwenyewe, jambo lililonivuruga kabla hata hatujaanza, kisha akatusikiliza mpaka mwisho. Ulitafsiri vizuri sana siku ile. Akaigeuza kompyuta yake ili na mimi nione, akaeleza. Shule yake haimchukui mtoto kwa alama, wala kwa mzazi kuomba. Kuna foleni. Mzazi anamwandikisha mtoto, na tarehe aliyomwandikisha ndiyo nafasi yake. Wengine huandikisha wakiwa bado hospitali ya uzazi, mtoto hajapewa jina. Akaniuliza kwa upole wewe uliandikishwa lini. Nikamwambia, si ndiyo nimekuja leo. Akasema, "Basi tarehe yenu ni leo."

Nikakiweka kitenge mezani. Alikitazama, akasema ni kizuri, na nadhani alisema kweli. Halafu akakisukuma kunirudia, polepole, kwa viganja vyote viwili, akasema haruhusiwi. Ulikuwa unatazama viatu vyako. Ukanitafsiria, "Anasema asante, lakini hapokei." Sambusa alikula moja ili tusijisikie vibaya.

Kwenye treni ya kurudi Husby ulinishika mkono nikautoa. Hilo ndilo ninalojutia kuliko yote ya siku ile, kwa sababu ulidhani nimekukasirikia wewe. Sikuwa nimekasirika. Niliona aibu ambayo sikujua niiweke wapi. Nilikuwa nawaza kwamba wakati watoto wale wanatiwa kwenye foleni, wewe ulikuwa mgongoni kwangu tukikimbia, njia nzima imejaa watu na magodoro. Nani angekuandikisha? Tulipofika nyumbani nikakitia kitenge chini kabisa ya kabati, nikakwambia habari ile tusiiongee tena. Na wewe, mtoto mtiifu, hukuiongea.

Lakini chini ya aibu kulikuwa na mshangao, Simi, na mshangao huo haujaniisha mpaka leo. Kwetu Bushi, upande wa Bukavu, wazee huamini kwamba mwami, yule atakayetawala, huzaliwa ameshika mbegu mkononi. Wakunga wanamfungua mtoto ngumi, wakikuta mbegu wanajua ndiye. Bibi yako alikuwa mkunga. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza hizo mbegu zinaingiaje kwenye tumbo la mtu. Alicheka mpaka akaweka kikapu chini. "Weye unaulizaga sana," akasema. "Ule anafunguaga mukono njo anajua." Yaani, yule anayefungua ngumi ndiye anayejua. Nilipokuzaa wewe alikufungua ngumi kwa utani, akanionyesha, kulikuwa na jasho tu. Nilikuja kumwelewa mama yangu ofisini kwa mkuu wa shule, mbele ya kompyuta ile. Mbegu kuna mtu anaziweka. Hata hapa Sweden, ambako mkuu wa shule anakupikia kahawa na hapokei kitenge, kuna watoto ambao mama zao waliwatia kitu mkononi kabla hawajafumbua macho, tena kwa haki kabisa, kwa sheria.

Basi ulisoma shule yako ya hapahapa, wenzako wakizidi kuhamia kwingine, na ukafanya ulivyofanya. Mimi nilitaka uwe muuguzi. Ulipoanza kuniambia siasa nilikukataza, na unajua kwa nini. Baba yako alikuwa mwanafunzi wa sheria aliyependa kusimama kwenye mikutano, na kusimama huko ndiko kulikotutoa kwetu. Leo anaendesha basi kutoka Jakobsberg na anasema hana kinyongo, lakini mimi nilikuwa nacho kwa ajili yake. Niliona siasa ni ya wenye watu, na sisi hatuna watu. Kisha ukaja uchaguzi ule ukiwa na miaka kumi na minne. Mbunge alisimama uwanjani Husby mbele ya kibanda cha chama chake, anagawa kahawa. Ukamuuliza kwa nini shule yenu inaachwa kila mwaka na wanafunzi zaidi. Nikakuvuta mkono wa koti. "Mutoto, heshimu mukubwa." Yeye akaweka chupa ya kahawa chini, akakujibu. Ukambishia. Akakujibu tena, na mwisho akakiri hajui. Mheshimiwa mzima, kwa mtoto wangu, anasema hajui. Niliisimulia kazini mpaka wakanichoka.

Kwa hiyo nilidhani nimeshaona ya kuona. Halafu tukaenda London.

Unakumbuka mjomba wako Déo alivyotupeleka bungeni siku moja kabla ya usaili, amevaa suti yake ya harusi. Mimi nilikuwa nimechoka na safari, nikasema nitakaa nje. Nashukuru mlinikatalia. Sijawahi kuingia mahali palipoutuliza moyo wangu na kuutisha kwa wakati mmoja namna ile. Dari la mbao ulikuwa unalitazama mpaka shingo inauma. Mawe ya sakafuni yamelika katikati kwa miguu ya watu waliokufa zamani. Kila mtu alikuwa ananong'ona bila kuambiwa. Déo akanisogelea na kuniambia habari za serikali mpya iliyokuwa imeingia mwaka ule, kwamba wakubwa wengi ndani yake walisoma shule zilezile chache za kulipia, na baba zao kabla yao. "Habakukutana hapa, dada," akasema. "Banajuana tangu bakiwa batoto."

Tukafika kwenye Bunge la Malodi, yaani mabwana wenye vyeo, lile lenye viti vyekundu na dhahabu kila mahali. Mzee aliyekuwa anatuongoza, mwenye sauti nzuri, akaeleza kwamba wengi wanaoketi pale wameteuliwa, lakini bado wako wachache walioingia kwa sababu baba zao walikuwa malodi. Mmoja wao akifa, mwingine wa koo hizohizo anachaguliwa kushika nafasi yake. Nilikuomba unitafsirie tena nione kama nimeelewa. Ukanitafsiria. Nikacheka kwa sauti, watu wakageuka. Sikuwa nawadharau. Nilicheka kwa furaha ya kukutana na mtu wa kwetu ugenini. Nikakwambia, "Simi, na hawa nao wana mbegu." Hukujua ninasema nini, nikakueleza habari ya bibi yako na ngumi, palepale, mbele ya dhahabu.

Kisha yule mzee akasimulia namna ukoo mmoja ulivyopata cheo chake. Babu wa mababu alimwendea mfalme wakati wa vita akiwa na farasi na watu, akamkabidhi. Vita vilipokwisha mfalme akampa ardhi na jina, na wajukuu wakarithi ardhi na jina na kiti. Alisimulia kwa raha, kama mtu anayesimulia harusi ya dada yake. Na wewe ukaninong'oneza kitu ambacho wakati ule sikukitilia maanani. Ulisema, "Mamma, wanaisema bila aibu yoyote."

Siku ya pili tukaenda chuoni kwako. Mlinzi wa lango, mwenye kofia ya duara, alinipa chai na kiti karibu na kipasha moto, nikakaa natazama vijana wanapita. Nitakwambia kweli, nilishangaa uzuri wao. Si sura. Ni namna wanavyotembea katikati ya njia. Hakuna aliyejibana ukutani kupisha wengine. Mtoto aliyeambiwa tangu kuzaliwa kwamba nyumba ni yake hutembea hivyo, na mimi nilitamani sana, sana, wewe utembee hivyo. Ulitoka mashavu yakiwaka, hukutaka kusema kitu mpaka tumekaa kwenye treni.

"Balikuuliza nini?" nikakuuliza.

"Waliniuliza kama ni haki mzazi kumfanyia mtoto wake kila anachoweza, hata kama watoto wa wengine watabaki nyuma. Nikawaeleza ile ya kitenge."

"Kitenge gani?"

"Ile ya rektorn, yule mkuu wa shule, mamma. Niliwauliza, kati ya mama yangu na wazazi waliowaandikisha watoto siku ya kuzaliwa, ni nani aliyejaribu kununua nafasi. Yule mama profesa alivua miwani."

Niliyokujibu unayajua. Nilisema umenivua nguo mbele ya watu nisiowajua. Nilisema umeniuza ili upate kiti. Watu kwenye behewa walikuwa wanatutazama, nikaendelea, mpaka ukalia na kuniahidi. "Jag lovar," ulisema, na ulipoahidi kwa Kiswidi nilijua umeahidi kweli, kwa sababu Kiswahili unakitumia kunibembeleza. Hukuwahi kuvunja neno lako. Jibu la chuo lilipokuja, baba yako akalisoma kwa sauti akiwa amesimama juu ya kiti cha jikoni, wewe ulinitazama mimi kwanza kabla ya kufurahi. Mtoto gani anaomba ruhusa ya kufurahi?

Sasa nakuja kwenye yale maneno yako ya Hallunda.

Unajua mdogo wako Baraka ameanza shule mwezi wa Agosti, shule ileile ya matofali. Unajua na sababu. Nilipomzaa, kabla sijashuka kitandani, nilimwambia baba yako aende akamwandikishe kwenye foleni. Akasema, akiniita kwa jina lako kamili, "Mama Nsimire, acha mutoto apate jina kwanza." Nikamwambia jina litasubiri. Nilimfungua Baraka ngumi, nikamtilia mbegu kwa mkono wangu, na sijutii. Mtoto wangu ni mtoto wangu. Nilipompeleka siku ya kwanza, mkuu wa shule mpya, mwanamke, alimpa mkono na kumwita kwa jina, na mimi nilitembea katikati ya ukumbi.

Ila wiki hiyohiyo nilikuwa hapa hapa, naviringisha mashuka, akaingia Mama Aisha wa ghorofa ya tatu, yule Mrundi wa Buyenzi. Alikuwa anaanza kuonekana mimba. Akaniuliza, "Dada, Baraka mlimwingizaje kwenye shule ile? Na mimi namtakia huyu wangu." Nikamjibu, "Tulibahatika tu." Nikabeba kapu langu nikapanda ngazi. Na wewe ulikuwa nyuma yangu, Simi, umeshika sabuni.

Sikumdanganya kwa ubaya. Nilikuwa hata sijafikiri, neno lilitoka lenyewe, laini. Na nilipolisikia likitoka kinywani mwako Jumapili, mbele ya sahani ya wali, ndipo nilipolitambua. Ndivyo wasemavyo watu walio ndani wakiulizwa na walio nje. Hawana roho mbaya. Wanaona haya kidogo, wanataka kwenda zao. Wiki moja tu ya kuwa na nafasi na mimi nilishajifunza kusema hivyo, na nikakufundisha.

Tangu Jumapili nimekuwa nikimfikiria babu yule wa farasi. Najiuliza alivaaje siku aliyomwendea mfalme. Labda aliogopa. Labda mke wake alimwambia usiende mikono mitupu. Naye alikuwa mtu aliyesimama mbele ya mlango wa mkubwa, na kitu chake cha thamani mkononi, akiwaza watoto wake. Alifanya nilichofanya mimi. Tofauti ni kwamba zawadi yake ilipokelewa na yangu ikarudi. Na wajukuu zake wamejenga ukumbi mzima wa kuisimulia habari yake, na watu wanatoka nchi za mbali wanaisikiliza midomo wazi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Habari yako wewe niliitia chini ya kabati.

Uliwaambia wale maprofesa jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelijua, kwamba mama yako hakufanya kitu cha aibu. Ulikuwa na miaka kumi na minane na uliona mbali kuliko mimi. Nilipaswa kukushukuru kwenye treni ile. Nakushukuru leo, na ninakuomba unisamehe.

Huko utakaa meza moja na watoto waliozaliwa na mbegu. Usiwachukie, mwanangu. Hawakujitilia wao. Wengine utawapenda, na wakikualika kwao nenda, kula, tazama, shangaa. Kushangaa hakukupunguzii kitu, mimi nimeshangaa maisha yangu yote na bado niko mzima. Labda na wewe siku moja utakaa kwenye viti vile, au hapa kwetu kwenye bunge letu, sijui, baba yako anajua, ameshakununulia tai ya kuvaa siku hiyo ingawa wanawake hawavai. Ukiwa ndani, na mtu akakuuliza umepitia wapi, mwoneshe mlango. Hilo tu ndilo ninalokuomba. Mimi nilishindwa, nikakimbia na kapu langu la mashuka.

Nimekatizwa. Mama Aisha ameingia sasa hivi, zamu inayofuata ni yake. Tumbo limekuwa kubwa, amelitanguliza mlangoni. Nikaweka kalamu chini, nikamwambia kuhusu foleni, yote, namna ya kuandikisha, siku ya kuandikisha, kwamba asingoje kumaliza arobaini. Nikamwambia haya yote niliyajua aliponiuliza mwezi wa Agosti. Akatua kapu lake.

"Na ulikuwa unangoja nini?" akauliza.

"Nilikuwa naona haya."

"Haya ya nini?"

Nikamsimulia kitenge. Ni mara yangu ya kwanza kukisimulia kwa kinywa changu, Simi, miaka yote hii. Nilipofika kwenye sambusa aliyoila ili tusijisikie vibaya, Mama Aisha akacheka mpaka akashikilia mashine, na mimi nikacheka, na machozi yalikuwepo pia lakini hayakuwa mengi. Kisha akasema ningempelekea yeye kile kitenge asingekirudisha. Amekwenda kumwita mume wake amsaidie kubeba nguo.

Nguo zako zimekauka. Nitazipandisha sasa hivi, baba yako apime upya. Ukifungua sanduku ukifika, juu kabisa utakuta gauni. Ni la ile karamu ya wiki ya kwanza ukumbini, chini ya picha za wazee wote wale wa chuo. Najua ulinunua gauni jeusi pale Kista, nalo ni zuri, livae siku nyingine. Barua hii nitaifunga ndani ya mkono wake wa kushoto.

Nimekikata, Simi. Jumatatu ulipokuwa unaaga marafiki zako nilikitandaza sakafuni, nikakaa nakitazama, mkasi mkononi. Bibi yako alinipa pande zima, na kwa miaka yote nililihifadhi hivyohivyo kwa sababu kitenge kizima ndicho cha kumpa mkubwa. Kikiwa kizima kiliweza kurudishwa. Sasa kina mabega yako na kiuno chako, na ndege wawili wa manjano wametokea mgongoni, na sikupanga. Hakuna tena mtu wa kukisukuma mezani.

Kilibaki kipande, nimekipinda kingo kikawa kilemba. Nitakivaa kesho Arlanda, uwanja wa ndege. Na mtu yeyote akiniuliza kitenge kizuri namna hii nimekipata wapi, nitamwambia akae, nimweleze.

Mama yako